Siku Niliyowakata Watoto Kilo Mbili Mbili

Kuna akina mama kule mashamba ya chai, upande wa Sotik, ambao mpaka leo tukikutana sokoni hawanisalimu kwa mdomo, wananionyesha vidole viwili tu, halafu wanacheka hadi wanashikana mabega, na mimi sina la kujitetea kwa sababu ile aibu niliitafuta mwenyewe, hakuna aliyenisukuma. Sehemu ya kuchekesha nimeisimulia mara nyingi. Ile nyingine huwa naikalia. Leo nitaisema yote, mradi msinikatize katikati.

Ilikuwa miaka ya tisini na nilikuwa karani wa mizani katika shamba moja kubwa la chai. Kama hujakaa huko, kazi yenyewe ni hivi: wachumaji wanashuka kutoka mashambani na vikapu mgongoni, kila mmoja anatundika kikapu chake kwenye ndoano, mimi nasoma mshale, natoa kilo mbili za kikapu, naita ile inayobaki kwa sauti na msaidizi anaandika. Ikisoma kumi na nane, naita kumi na sita. Ikisoma ishirini na tatu, naita ishirini na moja. Mara tatu kwa siku, watu zaidi ya mia, miaka sita (hesabu mwenyewe ni vikapu vingapi, mimi nilichoka kuhesabu), mpaka ikafika mahali sikuwa natoa kwa akili tena, mdomo wenyewe ndio uliokuwa unatoa, akili yangu ikiwa iko mbali inawaza ugali.

Wachumaji walinipa jina: Toa Mbili. Hawakulisema kwa mapenzi. Karani wa mizani hana rafiki, hilo mlijue, maana hata ukiwa mwaminifu namna gani yule mama aliyechuma kwa mvua tangu asubuhi anaona umemwibia. Na mimi zaidi ya kuwa karani nilikuwa mtu wa kutoka ziwani, na Kikipsigis changu kilianzia kwa salamu ya chamgei kikaishia hapo hapo. Nikipita karibu na mabomba ya maji, mazungumzo yanasimama. Nikishapita, yanaendelea.

Nilipokuwa na Adhiambo hayo hayakunisumbua. Mke wangu alikuwa mtu wa maneno, alizungumza kwa niaba ya nyumba nzima. Halafu akashikwa na homa, siku tatu tu, akafa, akaniachia msichana wa miezi saba anayeitwa Akoth. Tulimzika kwetu, na matanga yalipoisha mama mkwe wangu alisema mbele ya wazee kwamba mtoto anabaki naye, kwani ni wapi mlisikia mtoto wa miezi saba akilelewa na mwanamume peke yake huko kwenye baridi ya Wakipsigis? Nilimwomba. Sikuwa nimewahi kumwomba mtu kitu namna ile. Mwishowe akakubali, lakini akaniwekea sharti: "Nakuachia, Baba Akoth. Ila siku mtoto akianza kukonda, nisisikie kwa watu. Uniambie mwenyewe."

Nikaapa. Nikarudi shambani na mtoto.

Mchana alikaa na yaya wa shamba pamoja na watoto wa wachumaji, jioni namchukua, tunaingia ndani, naweka uji jikoni na kumwambia habari za siku nzima, nani kagombana na nani kwenye mizani, lori gani limekwama, na yeye ananijibu "da". Hiyo "da" ndiyo iliyokuwa mazungumzo yangu. Zipo Jumapili ambazo hakuna mtu mwingine mzima au mdogo aliyesema na mimi. Nasema ukweli, nilimhitaji yule mtoto kuliko alivyonihitaji, na kila usiku nikimvua nguo nilikuwa namgusa mbavu kwa vidole kuona kama zimetokeza.

Sasa, Akoth akiwa na mwaka na mwezi mmoja alipata kikohozi na joto, nikaomba ruhusa, nikamfunga kwa blanketi na kumpeleka kliniki ya watoto katika hospitali moja ya huko (sitaji jina, haikuwa na kosa). Nilikuwa sijawahi kumpeleka mwenyewe, zamani alikuwa anapelekwa na mama yake, na baadaye chanjo alipelekwa na yaya. Kwa hiyo sikujua taratibu. Sikujua kadi inawekwa dirishani kwanza ndipo unakaa. Nilikaa nusu saa nikidhani napanga foleni, kumbe nimekaa tu. Sikujua unakuja na chupa yako tupu ya kutilia dawa ya maji. Kila mama pale alikuwa na chupa yake safi kwenye kikapu, na mimi sikuwa na chupa wala nepi ya akiba wala hata kipande cha mkate. Ungeuliza, mtasema. Sikuuliza. Benchi zima wanawake, nusu yao wachumaji wangu, na wote walikuwa wananitazama halafu wanatazamana.

Mwanamume mwingine alikuwa mmoja tu, Ouma, fundi wa kiwandani, mtu wa kwetu kabisa, ambaye alikuwa amemleta kijana wake kutolewa nyuzi kidoleni na kutoka hapo walikuwa wanaenda nyumbani likizo, mabegi wameyaweka miguuni. Kando yangu alikaa Kogo Rael (kogo kwao ni nyanya), mchumaji mzee, na mjukuu wake mapajani.

"Karani," akaniambia, "mama ya mtoto iko wapi?"

"Anakuja," nikasema.

Jamani, sijui kwa nini nilidanganya. Lilitoka tu. Akaniangalia, na mimi nikatazama ukuta.

Mbele yetu ndipo watoto wanapopimwa. Mizani yenyewe ilikuwa ya kutundika kama yangu ya shambani, ila badala ya kikapu unamvika mtoto kikaptula cha kitambaa chenye kamba, unamning'iniza, anapiga teke na kulia, na mtu anasoma. Aliyekuwa akisoma ni msichana mwanafunzi wa unesi, mfupi, anaruka ruka kuuona mshale, anasoma, anafuta, anasoma tena. Sista mwenyewe alikuwa ameitwa chumba cha sindano. Foleni haisogei. Watoto wanalia, nami kitu kikaniwasha ndani, kwa sababu tangu Adhiambo afe nilikuwa sijafika mahali nikaona kitu na kusema hiki nakijua. Na hiki nilikuwa nakijua kuliko mtu yeyote katika lile jengo.

Nikasimama. (Ningekaa! Ningekaa tu!) Nikamwambia yule msichana, "Sista, wacha nikusomee, wewe andika. Hii ndiyo kazi yangu."

Akashukuru kama mtu aliyeokolewa. Nikamwacha Akoth kwa muda benchini na Kogo Rael, nikakunja mikono ya shati, na tukaanza. Mama anamvika mtoto, natundika, nasubiri mshale utulie, naita, shusha, mwingine. Niliwapima watoto kumi na moja kwa dakika ambazo yule msichana angepima watatu. Akina mama wakaanza hata kunitania, mmoja akasema, "Toa Mbili leo ameandikwa hospitali!" na nikacheka, na wao wakacheka, na nilijisikia vizuri sana, nisiwafiche. Akoth wangu alikuwa wa mwisho. Nikamtundika, nikaita: "Saba na nusu!" Msichana akaandika. Sikushtuka hata kidogo, nilikuwa nasikiliza tu vile sauti yangu inavyopendeza.

Mambo yakaanza kuharibika chumba cha daktari. Mlango wake ulikuwa haufungiki vizuri, kwa hiyo kila kitu tulikisikia. Mama wa kwanza akaingia na kadi, na tukasikia daktari akimwuliza mtoto alikuwa anahara? Hapana. Anakula? Anakula. "Sasa mbona mwezi jana alikuwa kilo tisa na leo ni saba? Unaona huu mstari? Mtoto ameanguka nje ya njia!" Mama akatoka uso umebadilika, akaonyeshwa benchi la kando, la watoto waliodhoofika. Wa pili akaingia, yale yale. Wa tatu pia. Wa nne, mama kijana ambaye mtoto wake alikuwa na mashavu yaliyojaa, akatoka analia, anasema kwa sauti, "Tuko na ng'ombe mbili, anakunywa maziwa asubuhi na jioni, nimpe nini tena mimi?"

Alipofika wa sita daktari akatoka nje mwenyewe, mtu mwembamba mwenye miwani, akatazama lile benchi lililojaa na kuuliza wote mnatoka wapi. Shamba fulani, wakasema. Nyote? Karibu wote. Akarudi ndani, na tukamsikia akimwambia Sista, aliyekuwa ameshatoka kwenye sindano, kwamba kuna njaa kwenye lile shamba na wakubwa wanaificha, na alete karatasi aandike barua kwa meneja leo leo.

Mimi nilikuwa nimeketi pale nikitikisa kichwa kwa huruma. Nikawaza, masikini hawa kina mama, kumbe hali ni mbaya hivi na sisi tunawakata. Nawaambia niliwaza hivyo kabisa!

Halafu tukaingia mimi na Akoth. Daktari akamsikiliza kifua, akasema kifua si kibaya, dawa ya maji itatosha. Nikashusha pumzi. Ndipo akashika kadi, akaweka kidole kwenye mstari, akaangalia namba, akavua miwani.

"Huyu alikuwa kilo tisa na robo. Leo saba na nusu. Mama yake yuko wapi?"

Sikuweza kusema anakuja. Nikasema, "Alikufa."

"Nani anamlisha?"

"Mimi."

Akaongea kwa upole, na ule upole ndio ulioniumiza, heri angenifokea. "Mzee, si lawama. Lakini hii kazi imekushinda. Nitamlaza, na akitoka hapa, kama ana nyanya, apelekwe kwa nyanya."

Mtaniuliza, wewe si ndiye uliyesoma mizani? Wewe si ndiye uliyemshika huyo mtoto kila siku, hukujua uzito wake? Nilijua. Mikono yangu ilikuwa inajua. Lakini kwa miezi sita nilikuwa nangoja mtu aje aniambie maneno yale yale, na yalipokuja niliyapokea bila kuuliza, kwa sababu ndani yangu nilikuwa nimeshajihukumu zamani. Nilitoka nje. Ouma alikuwa ameinama anachukua mabegi yake, kidole cha kijana kimeshafungwa upya, gari lao linangoja. Nikamshika mkono.

"Ouma, ukifika nyumbani, kabla hujaenda kwako, pitia kwa mama mkwe wangu. Mwambie Akoth amekonda. Mwambie nimeshindwa, aje amchukue."

"Hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo."

Akaniangalia kwa huruma, akaenda. Na mimi nikaketi kwenye lile benchi la kando, mwanamume mmoja katikati ya akina mama kumi, nikalia mbele ya wachumaji wangu. Kulia kwa sauti, na makamasi. Mtu aliyekuwa akiwaambia "songa, songa, mwingine!" kila siku ya Mungu.

Hakuna aliyecheka. Kogo Rael akanyoosha mikono: "Leta hiyo mtoto." Akampokea Akoth, akamwinua mara moja, akamshusha, akamwinua tena, na uso wake ukakunjamana.

"Amesema kilo ngapi?"

"Saba na nusu."

"Uongo. Hii ni tisa na nusu." Akamwinua mara ya tatu. "Mimi nimebeba majani miaka ishirini. Mgongo yangu inajua kilo kuliko daktari." Akampa mama wa kando Akoth, akachukua mtoto wa yule, akampima vile vile kwa mikono. Akachukua mwingine. Halafu akageuka polepole akanitazama, na nikaona wazo likimjia kabla halijanijia mimi.

"Toa Mbili," akasema. "Hawa watoto ni wewe ulipima?"

"Ni mimi."

"Ulitoa ya kikapu?"

Nikafungua mdomo kusema hapana, nikakumbuka mshale ulivyosimama nilipomtundika Akoth, nikauona waziwazi machoni, tisa na nusu, na nikakumbuka sauti yangu ile ya kupendeza ikiita saba na nusu.

"Nilitoa," nikasema.

Kogo Rael akapiga makofi mara moja, akawatafsiria wengine kwa Kikipsigis, na benchi zima likalipuka. Mama wa ng'ombe mbili alicheka huku machozi hayajakauka. Mmoja alianguka kabisa sakafuni na mtoto wake mgongoni. "Amekata kilo ya watoto!" wakawa wanasema. "Hata ya mtoto yake! Amejikata!" Daktari akatoka na ile barua ya meneja mkononi, wino haujakauka, na Sista akamweleza, naye akanitazama, akairarua vipande vinne. Watoto wote wakapimwa upya (na Sista, mimi niliambiwa nisimame mbali na mizani, dirishani, kabisa). Hakuna hata mmoja aliyekuwa amepungua. Akoth alikuwa ameongeza robo kilo. Robo kilo, jamani, kwa uji wangu!

Nilifurahi kwa muda wa kama dakika mbili. Kisha nikamkumbuka Ouma.

Nilikimbia mpaka barabarani, mtoto mkononi, bila dawa wala kadi. Gari lilikuwa limeondoka zamani. Simu kule kwa mama mkwe haikuwepo, wala karibu naye. Niliandika barua jioni ile ile na kuituma, lakini nani hajui mwendo wa barua? Mama mkwe alifika siku ya tatu, saa nne asubuhi, ameshuka kituo cha Chepilat na kuulizia njia, leso mpya ya kubebea mtoto begani.

Kwetu mama mkwe haingii ovyo kwenye nyumba ya mkwe, na kulala humo ndiyo kabisa haiwezekani. Nikamwekea kiti nje, nikasimama mbali kidogo nikitazama chini kama inavyotakiwa. Akamchukua Akoth, akampakata, akamgeuza mgongo, akamminya mapaja. Kisha akauliza, "Huyu ndiye amekonda?"

Nikamweleza. Yote, kuanzia kikapu mpaka barua iliyoraruliwa. Mwanzo alijizuia, halafu akacheka, akafunika mdomo kwa leso na kucheka hadi akapangusa macho, na nilikuwa sijamwona akicheka tangu tulipomzika binti yake. Nikadhani yamekwisha.

Alipotulia alimtazama mtoto. "Mimi sikuja kukunyang'anya," akasema. "Ungenyamaza ningekuja Krismasi, nimwone, nirudi. Lakini uliniletea neno kwamba umeshindwa. Lile neno lilitoka kwa mizani?"

Nilitaka kusema ndiyo. Lilikuwa jibu rahisi na lilikuwa limeshaniokoa mbele ya watu kumi. Nikafikiria zile Jumapili, na vidole vyangu kwenye mbavu za mtoto gizani, na vile nilivyomwambia Kogo Rael kwamba marehemu anakuja.

"Hapana, Mama," nikasema.

"Basi siwezi kurudi mikono mitupu halafu nikapata usingizi. Na hapa siwezi kukaa nikusaidie, unajua mila. Ungekuwa wewe, ungefanya nini?"

Gari la kurudi lilikuwa saa tisa. Nilikunja nguo zake mwenyewe, hazikujaza hata mfuko mmoja. Nikawasindikiza. Akoth alikuwa mgongoni mwa nyanya yake, amefurahia safari, ananiambia "da, da", na mimi naitikia kama tunavyofanya jioni, mpaka gari likaja.

Jumatatu nilirudi kwenye mizani. Wachumaji walikuwa wamejipanga, na wa kwanza alipotundika kikapu wote kwa pamoja wakaita, "Toa mbili!" wakacheka, na nikacheka nao. Tangu hapo waliongea na mimi, siwezi kukataa. Kogo Rael alinifundisha Kikipsigis cha kutosha kununulia maziwa, na nikipita bombani mazungumzo hayasimami tena. Ningekuwa na Akoth nyumbani ningesema nimepata faida.

Mwisho wa mwezi nilienda kumwona, na mkate na sukari mkononi. Alikuwa ameshaanza kutembea, mimi sikuwepo. Alinitazama kidogo, akarudi nyuma hatua mbili, akajificha kwenye nguo ya nyanya yake, na nyanya akawa anamsukuma taratibu, anamwambia, "Ni baba, msalimie. Ni baba yako huyo." Hakutoka.

Kwa hiyo chekeni, nimewapa ruhusa, nami huwa nacheka pale kwa kikapu. Lakini nimeapa kitu kimoja: nikishtuka, simtumi mtu na neno siku hiyo. Nalala nalo kwanza, na asubuhi naliangalia tena, hata kama usiku wenyewe ni mrefu na nyumbani hakuna mtu.